Mizinga ya bahari kwenye Reli ya Kati: kisa cha manowari Königsberg, 1915–1916

Kombora moja la mzinga wa sentimita 10.5 wa manowari ya Kijerumani Königsberg, pamoja na ganda lake la shaba na baruti iliyomo, lilikuwa na uzito wa kilo 25 na nusu hivi. Kwa vipimo vya zamani vya pwani hiyo ni frasila moja na nusu na ushei, yaani mzigo wa mpagazi mmoja. Makombora 1,000 ni watu 1,000, kila mmoja na lake kichwani, na jioni kila mmoja anataka kula. Behewa la tani 10 hubeba karibu 390 ya makombora hayohayo, wala halisubiri ugali.

Nimeanza na hesabu kwa sababu wasimuliaji wengi wa habari za Königsberg huanza na mapigano ya Rufiji na kuishia pale meli inapolala matopeni. Kwangu mimi kisa kinaanza hapo. Meli imekufa, mizinga yake 10 ni mizima, Vita vya Kwanza vya Dunia vinapiganwa bara, na reli iliyo karibu iko Dar es Salaam, karibu kilomita 150 kaskazini ya mikoko. Wakubwa wa jeshi la Wajerumani walikuwa na kazi ya kugeuza silaha za bahari kuwa silaha za nchi kavu, kisha kuzisafirisha katika koloni lao la Afrika Mashariki, ambalo bahari yake yote ilikuwa mikononi mwa adui.

Jinsi mizinga ilivyokwama

Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliingia bandari ya Unguja alfajiri ikaizamisha meli ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga kwa matengenezo. Muda mfupi baadaye mitambo yake yenyewe ikaharibika, ikajificha katika delta ya Rufiji. Vipande vya boila vikaburutwa kwa kamba na nguvu za watu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ileile. Mambo haya husimuliwa kwa sentensi moja, lakini ndiyo yaliyofungua njia ya yaliyofuata: ilikwisha kuonekana kwamba chuma kizito kinaweza kutoka Rufiji hadi Dar es Salaam bila kugusa bahari, mradi watu wapatikane na mtu asijali sana wanavyochoka.

Waingereza walileta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, pamoja na ndege za kuelekeza shabaha. Tarehe 6 Julai 1915 walishindwa. Tarehe 11 wakaimaliza. Nahodha Max Looff, mwenyewe akiwa amejeruhiwa, akaamuru meli ilipuliwe kwa kichwa cha topido. Kabla ya hapo vitasa vya mizinga, yaani kile kipande cha nyuma kinachofunga tumbo la mzinga baada ya kombora kuingia, vilitupwa majini, na mahali vilipoangukia pakawekwa alama. Aliyewaza hivyo alijua anachofanya. Adui akiingia anakuta mabomba ya chuma tu. Mwenyewe akirudi anajua pa kuzamia. Meli ilikaa chini kwenye kina kidogo, sitaha ikabaki juu ya maji, na katika wiki zilizofuata mizinga yote 10 ikatolewa.

Mtutu mmoja ulikuwa na urefu wa mita 4.2 na uzito wa kama tani moja na nusu, kabla hujahesabu kiti chake. Na kiti ndicho kilicholeta taabu. Mzinga wa manowari hauna magurudumu. Unasimama juu ya nguzo iliyofungwa kwenye sitaha, na ukipiga, teke lake humezwa na meli nzima. Uweke juu ya mchanga wa Uzaramo upige, utajipindua wenyewe. Kwanza ilibidi ufike Dar es Salaam juu ya mikokoteni ya kubahatisha, mamia ya watu wakivuta kila mmoja, kisha karakana ya reli ifanye kazi ambayo haikujengewa: kuunda magari ya mizinga yenye magurudumu ya chuma, kusafisha vitasa vilivyotoka majini, na kurekebisha vilivyopinda.

Sifa hapa naipeleka karakanani kabla ya relini. Reli bila mafundi wenye tanuri, mashine za kukerezea vyuma na mtu anayejua kufua ingepokea chuma kilichokufa na kukisafirisha kikiwa bado kimekufa. Shirika la reli la wakati ule lilikuwa ndilo kiwanda kikubwa cha chuma katika nchi nzima, jambo ambalo wanaoandika habari za vita hulipita haraka kwa sababu halina moshi wa baruti.

Reli yenyewe

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914, miezi sita tu kabla ya vita. Kilomita 1,252 za njia moja, upana wa mita moja kati ya reli na reli. Makaa ya mawe kutoka nje yalikatika pamoja na meli, kwa hiyo injini zikalishwa kuni, na kuni maana yake ni watu wa kukata misitu kandokando ya njia kila siku. Injini ya kuni hutema cheche. Mtu yeyote aliyepanda treni za zamani na kukaa dirishani anazijua cheche hizo kwa matundu ya nguo zake, na hiyo si habari njema kwa behewa lililojaa baruti.

Lakini kasoro kubwa ya reli hii ilikuwa kwenye ramani. Koloni lilikuwa na njia mbili: hii ya Dar es Salaam–Kigoma, na ile ya Tanga–Moshi yenye kilomita 352. Hazikukutana popote. Kati yake palikuwa na Handeni, Nguru na mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Wakati wa amani pengo hilo halikumsumbua mtu, maana meli za pwani zilipita kati ya Tanga na Dar es Salaam. Waingereza walipotangaza kuifunga pwani, Machi 1915, pengo likageuka kidonda. Wajerumani walijaribu kulipunguza kwa kutandika kijireli cha troli kutoka Mombo hadi Handeni, troli zikisukumwa kwa mikono. Baada ya hapo ni vichwa na mabega. Mwanza nayo haikuwa na reli kabisa. Iliipata mwaka 1928, chini ya Waingereza.

Kwa hiyo anayesema mizinga ya Königsberg ilisambazwa kwa reli anasema nusu. Mingine ilibaki kulinda Dar es Salaam, mingine ikaenda Tanga, Mwanza na Kigoma. Katika miji hiyo mitatu ya mbali, ni Kigoma peke yake iliyofikiwa na mzinga bila kuteremshwa njiani. Wa Mwanza ulishuka Tabora ukavutwa zaidi ya kilomita 300 kupita Unyamwezi na Usukuma. Ya Tanga ilivuka lile pengo.

Mzinga wa Kigoma

Hapa ndipo reli ilipoonyesha ilichokuwa nacho, nami nitakaa hapa kidogo.

Wajerumani walikwisha kuitumia njia hii kupeleka mambo ya bahari ziwani. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa makashani, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa treni, ikaunganishwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915. Mabaharia wa meli ya upimaji Möwe, iliyozamishwa na wenyewe Dar es Salaam mara vita vilipoanza, walipanda treni na kamanda wao Zimmer wakahamia ziwani. Hivyo mzinga wa Königsberg ulipowekwa kwenye behewa kuelekea magharibi, ulikuwa unafuata njia iliyokwisha kukanyagwa, na huko mwisho wa reli palikuwa na gati, mafundi wa meli, mabaharia wanaojua mizinga, na sitaha iliyokuwa inausubiri. Magari ya magurudumu hayakuhitajika tena. Mzinga ulirudi kwenye nguzo juu ya meli, mahali ulipozaliwa kukaa, ila sasa maji yake yalikuwa matamu.

Upande wa pili wa ziwa, Waingereza walikuwa wanafanya vilevile. Mwaka 1915 walileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha kwa reli kupitia Rhodesia hadi Katanga, wakaziburuta milimani, wakaziteremsha mto Lualaba, wakazipandisha tena kwenye reli ya Wabelgiji hadi ziwani. Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani Kingani, ambayo nayo ilikuwa imeletwa Kigoma kwa treni. Februari 1916 zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Basi vita vya majini vya Ziwa Tanganyika karibu vyote viliteremka kutoka kwenye mabehewa.

Ila Götzen ilipotokea, kamanda wa Waingereza, Spicer-Simson, hakuisogelea. Mzinga wa sentimita 10.5 wa Königsberg ulifika zaidi ya kilomita 12. Vijimzinga vya boti zake havikukaribia hapo. Mzinga ule ulilinda ziwa kwa kuonekana tu. Halafu vita vya bara vilipopamba moto, ukashushwa kutoka melini ukarudishwa relini kuelekea mashariki, na mahali pake kwenye sitaha pakawekwa mzinga wa mti. Kwa muda, adui alikuwa anaogopa gogo.

Ndiyo maana nasema faida ya reli katika kisa hiki haikuwa uzito iliobeba. Watu wangeweza kuufikisha mzinga Kigoma kwa kuuvuta, kwa miezi na kwa vifo. Faida ilikuwa kwamba ungeweza kurudi. Jeshi lenye mizinga 10 tu, bila matumaini ya kupata wa 11, liliweza kuutumia mmoja ziwani na kisha kwenye mapigano ya bara, kwa sababu safari ya kati ilikuwa ya siku chache. Mzinga uliovutwa kwa kamba hukaa ulipofika.

Chakula cha mzinga

Mzinga bila kombora ni nguzo, na Königsberg ilikuwa imekwisha kupiga mengi katika mapigano ya delta. Meli mbili zilipenya kizuizi kuleta mengine. Ya kwanza, Rubens, ilifika Aprili 1915 ikijifanya meli ya Denmaki kwa jina la Kronborg. Tarehe 14 ilikurupushwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth ikakimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, nahodha Carl Christiansen akaitia maji na kuwasha moto mbao za juu ili Waingereza waamini imeteketea. Wakaamini, wakaondoka. Silaha zikaopolewa, risasi zilizolowa zikafunguliwa mojamoja na kuanikwa. Makaa ya mawe iliyoyaleta kwa ajili ya Königsberg hayakuifikia, lakini makombora ya mizinga yake yalipatikana.

Tatizo ni kwamba yalipatikana upande wa Tanga. Kwenye karatasi ni akiba ileile. Kwa hakika, kombora lililoko Tanga na mzinga ulioko Dodoma hawajuani mpaka mtu alibebe hadi Handeni na kuendelea kusini mpaka alifikishe Reli ya Kati. Mpagazi huenda kilomita 20 hadi 25 kwa siku njema, akila kama kilo moja ya nafaka. Kwa mzigo wa kilo 25, chakula cha siku 25 kina uzito sawa na alichobeba, na chakula hicho nacho lazima kibebwe na mtu au kinyang'anywe vijijini njiani. Mara nyingi kilinyang'anywa.

Meli ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, Machi 1916, na waliopakia shehena yake huko Ujerumani walikuwa wamejifunza. Vitu vilifungwa mapema katika mizigo ya mtu mmoja mmoja. Walijua kabla ya kung'oa nanga kwamba mwisho wa bahari si mwanzo wa reli. Kusini hapakuwa na reli ya kuibeba, kwa hiyo shehena yote ilianza safari kwa miguu kuelekea kaskazini.

Mahali reli ilipoishia

Machi 1916 Smuts, jenerali aliyeongoza majeshi ya Waingereza, alisukuma kutoka Kenya kupitia Kilimanjaro. Kule Kahe mzinga mmoja wa Königsberg ulipiga mpaka ukalazimika kulipuliwa na wenyewe na kuachwa. Mei, mizinga mingine ikatokea Kondoa Irangi, mbele ya askari wa Afrika Kusini waliokuwa wamedhani wamekwisha kuacha nyuma kila kitu kizito. Ilikuwa imeshushwa relini Dodoma na kuvutwa kaskazini karibu kilomita 150. Hiyo ndiyo reli ikifanya kazi ya ulinzi sawasawa: adui anatembea miezi, wewe unahamisha mizinga nyuma ya mstari kwa treni na kumalizia kipande cha mwisho kwa nguvu za watu.

Lakini njia moja ikikatwa mahali pamoja, huwa mbili zisizosaidiana. Mwanza ilichukuliwa katikati ya Julai 1916. Kigoma iliangukia mikononi mwa askari wa Kongo chini ya Wabelgiji tarehe 28 Julai. Siku mbili kabla, Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe, mitambo yake ikiwa imepakwa mafuta mazito ili isile kutu. Ilifufuliwa baadaye, ndiyo MV Liemba tunayoijua. Dodoma ilitekwa mwishoni mwa Julai, Morogoro tarehe 26 Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, Tabora tarehe 19. Katika wiki nane hivi reli nzima ilikwisha. Madaraja yalilipuliwa, na Waingereza, wasiotaka kusubiri injini, wakavisha magari yao ya mizigo magurudumu ya reli wakaendelea.

Naona hapa kosa la mpango. Mizinga iliyowekwa bandarini ilitazama baharini ikingoja manowari, na Dar es Salaam ikaja kuangukia mikononi mwa watu waliotoka nchi kavu. Mizinga 10 ilitawanywa miji minne kana kwamba reli haipo, wakati reli ndiyo ingeruhusu kuikusanya katikati, Morogoro au Dodoma, na kuipeleka palipohitajika. Walifanya hivyo kwa mzinga wa Kigoma wakafaulu. Kwa mingine walichelewa.

Iliyobaki ilikokotwa kusini, kupita Mgeta, kurudi kwenye nchi ya Rufiji ilikotolewa. Safari hii haikuwa na behewa. Kila kombora likarudi kuwa mzigo wa mtu mmoja, na watu wenyewe walikuwa wanaisha. Upande wa Waingereza hali haikuwa nafuu: wapagazi wao waliofariki, kwa hesabu rasmi peke yake, walizidi 40,000. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo tunalolitamka Kariakoo kila tukienda sokoni.

Desemba 1916 mzinga mmoja wa Königsberg ulipandishwa kwenye vilima vya Matumbi kuipiga ngome ya Kibata. Vilima hivyo vina kumbukumbu yake. Vita vya Maji Maji vilianza huko Julai 1905, mwaka uleule Reli ya Kati ilipoanza kujengwa, na mwaka uleule Königsberg iliposhushwa majini huko Ujerumani. Miaka 11 baadaye vyote vitatu vilikutana hapo: reli imekwisha kupotea, meli inaoza matopeni siku chache za mwendo kutoka hapo, na mtutu wa tani moja na nusu unapanda mlima kwa kamba, hatua kwa hatua, wavutaji wakiteleza kwenye udongo wa mvua za vuli. Wajerumani walipovuka Ruvuma Novemba 1917 hawakuwa na hata mmoja wa ile mizinga 10.

Ukienda Ngome ya Yesu, Mombasa, mmoja upo uani, karibu na mzinga wa Pegasus, ile meli iliyozamishwa Unguja. Wa Pegasus nao uliopolewa, ukafungiwa magurudumu, ukapelekwa bara kumfuata aliyeizamisha meli yake.